Hendeli ya Gari la Memsahib

Watu huuza kitu kwa kukisifu. Dereva aliliuza gari lake kwa kulisengenya, nami nilikaa pale verandani na cherehani yangu nikimsikiliza Jumamosi baada ya Jumamosi, hadi nikayajua maradhi ya lile gari kuliko ninavyoyajua ya mgongo wangu.

"Ngoja kwanza, bwana," angemwambia mteja, hata kabla mteja hajalizunguka gari. "Huyu gia yake ya nyuma inaruka, lazima uishike na mkono. Mlango ya kushoto haifunguki kutoka ndani. Hapa chini ya mguu iko shimo, ukipita kwa maji utaoga. Stata ilikufa zamani. Na petroli anakunywa, wacha tu."

Mteja angecheka, akidhani huo ni mzaha wa biashara. Akishaona Dereva hacheki, angekohoa, angepapasa boneti kidogo kwa adabu, halafu angekumbuka kwamba kuna mtu anamngoja sokoni.

Nilimkasirikia sana. "Mzee," nilimwambia siku moja, "kwani huwezi kunyamaza kidogo? Sisemi udanganye. Nyamaza tu."

"Nikinyamaza, atajua akifika Njoro," akasema. "Bora ajue hapa, mahali iko chai."

Nasema Dereva kwa sababu hilo ndilo jina tulilomwita wote, hata mkewe. Jina lake halisi lilikuwa kwenye leseni, lakini sikumbuki mtu yeyote akilitumia. Alikuwa mrefu, mwembamba, ameinama kuanzia mabegani kama mtu anayepita mlango mfupi, na alivaa koti moja la kaki, jua liwake au mvua inyeshe. Akikusalimia alikuuliza habari za kazi kabla ya habari za nyumbani. Ukimjibu kwamba kazi ni nzuri, alikutazama kwa huruma.

Tulijuana kwa ajili ya paa. Mimi ni fundi wa turubai. Miaka ile ya hamsini nilishona kwenye veranda ya duka la Mhindi mmoja hapo Nakuru: mahema, vifuniko vya malori, magunia makubwa ya pareto. Gari la Memsahib lilikuwa la Kimarekani, refu, la rangi iliyowahi kuwa ya maziwa, na lilifika nchini kabla ya vita vya Hitler. Halikuwa na paa la bati kama magari mengine. Lilikuwa na turubai juu ya mbavu za chuma, na ukilikunja lililala nyuma ya viti, watu wakabaki wazi wakipigwa na jua na kutazamwa na kila mpita njia. Kila mwaka kabla ya mvua kubwa Dereva alilileta kutoka Subukia nilitie viraka. Mwishowe paa lote likawa viraka vyangu. Sidhani kama ilibaki hata shibiri moja ya turubai waliyoishona wenyewe huko Amerika.

Memsahib alikuwa mjane mwenye shamba la kahawa na mahindi bondeni Subukia. Sikumjua zaidi ya kofia yake na sauti yake. Usukani wa lile gari ulikuwa upande wa kushoto, kama wanavyoendesha huko kwao lilikotoka, na barabara zetu si za namna hiyo. Dereva akiwa nyuma ya lori hakuweza kuona mbele kama kuna gari linakuja. Kwa hiyo Memsahib alikaa kulia, akatoa shingo nje, akamwambia, "Ngoja. Ngoja kidogo. Haya, pita!" Miaka kumi na zaidi walisafiri hivyo, Dereva akiwa mikono na miguu, Memsahib akiwa macho. Sijui kama waliwahi kuzungumza jambo lingine.

Kisha Memsahib akazeeka, akauza shamba, akarudi Ulaya. Mali yake iliuzwa pamoja na shamba, ila gari. Gari alimpa Dereva, pamoja na barua ya kusema limekuwa lake. Jumamosi ya kwanza alipokuja mjini peke yake alifika saa saba mchana, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Nilikuwa nyuma ya trekta," akanieleza.

"Kutoka wapi?"

"Kutoka Subukia."

Hakukuwa na mtu wa kumwambia pita. Angewezaje kupita?

Nieleze sasa kwa nini alitaka kuuza, maana hakuwa mtu wa kupenda kuuza. Bwana mpya wa shamba alikuja na dereva wake. Alimwambia mzee kwamba kibanda anachokaa kinatakiwa, na gereji inatakiwa, na akampa muda mpaka mahindi yavunwe. Dereva na mkewe walikuwa wameishi katika kibanda kile maisha yao yote ya ndoa. Watoto waliwazika humo shambani, wawili, na wengine hawakupata. Hawakuwa na kwao pengine. Jamaa pekee alikuwa kaka wa mkewe, ng'ambo ya msitu wa Mau, ambaye alikubali kuwakatia kipande cha shamba kando ya lake, ila si bure: alitaka mitamba minne, ng'ombe wa kike ambao hawajazaa. Dereva hakuwa na hata kwato moja. Alikuwa na gari. Likigeuka mitamba minne, atakuwa na mahali pa kulala mpaka siku ya kufa. Lisipogeuka, mahindi yakishavunwa yeye na mkewe watakuwa barabarani na sufuria zao. Alilijua hilo, na bado akawa anawaambia wateja habari ya shimo chini ya mguu.

Mtu atadhani alikuwa mkweli wa kila jambo. Hapana. Alidanganya vizuri tu, na bila aibu. Ukimuuliza umri alisema arobaini na tano, miaka yote niliyomjua. Aliniambia meno yake hayajawahi kumuuma, huku shavu limevimba. Ukimwuliza kama amechoka alisema hajui kuchoka ni nini, kisha unageuka kutia uzi kwenye sindano, ukirudi amesinzia ameegemea nguzo ya veranda. Ukweli wake ulikuwa wa gari peke yake. Nilimuuliza sababu akaniambia kwamba mtu anaweza kujisemea, lakini gari haliwezi, kwa hiyo lazima mwenyewe alisemee. Sikuona hoja yoyote hapo na sioni mpaka leo, lakini nimeikumbuka.

Siku zile zilikuwa za hali ya hatari, na vizuizi vya askari vilijaa barabarani. Mwafrika aliyeinama, mwenye koti la kaki, peke yake ndani ya gari refu lenye paa la turubai, alisimamishwa kila mahali. Barua ya Memsahib aliiweka ndani ya kopo la tumbaku mfukoni. Ilikunjwa na kukunjuliwa mpaka ikakatika vipande vinne, nikamshonea kwenye kitambaa cha turubai kama kiraka kingine. Askari mmoja hapo karibu na njia ya reli alimwamuru akunjue paa, alikunje, alikunjue tena, ili aone ameficha nani. Dereva akafanya. Askari akamwambia arudie.

"Sikukasirika," akanieleza. "Nilimwambia ile fito ya nyuma itamfinya kidole. Yeye hakusikia, akashika. Ikamfinya."

"Ulifurahi?"

"Nilimwambia mapema," akasema.

Kuna jambo moja tu nililomlaumu kweli, nalo ni la mkewe. Mama yule alikuwa mfupi, mchangamfu wa maneno makavu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupanda gari. Lilipokuwa la Memsahib haikuruhusiwa. Lilipokuwa lao, Dereva alisema viti vimechoka, vitapasuka. Mama alitembea kwenda sokoni na kikapu chake, gari likampita.

"Fundi," aliniambia siku moja akiwa amekaa kwenye kigoda changu akipumzisha miguu, "hiyo gari mimi najua tu vumbi yake. Naijua vizuri sana. Nimeikula miaka ishirini."

Dereva alikuwa amesimama hapo hapo. Akajifanya anakagua tairi.

Kuliwasha gari kulikuwa ibada. Stata ilikuwa imekufa, na kipuri chake kilikuwa Amerika, kwa hiyo aliliwasha kwa hendeli, kile chuma kilichopinda ambacho unakichomeka mbele chini ya rejeta na kuzungusha. Alivua koti. Alikunja mikono ya shati. Aliishika hendeli huku kidole gumba akikikunja upande mmoja na vingine, kwa sababu injini ikirudi nyuma humvunja mtu mkono. Kisha akazungusha mara tatu. Mara ya kwanza haikuwaka kamwe, wala ya pili. Iliwaka mara ya tatu.

"Mbili za kumwamsha," alisema, "na moja ya kumwomba."

Hendeli ilikuwa nyeusi, nzito, na mahali pa kushikia palikuwa pamelainika na kung'aa. Alipomaliza aliifuta kwa kitambaa na kuiweka chini ya kiti chake. Hakumruhusu mtu mwingine aishike, na mimi nilichukulia kwamba ni ubahili wa wazee.

Mnunuzi alikuja wakati mahindi yameshaanza kukauka. Alikuwa mchuuzi wa ng'ombe kutoka Molo, mtu mnene wa kicheko, aliyekuwa akinunua pia viazi huko Kuresoi na kuvileta mjini. Alilipenda gari tangu akiwa ng'ambo ya barabara. Dereva akaanza: gia, mlango, shimo, stata, petroli, usukani ulio upande usiofaa. Mchuuzi alisikiliza yote mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Mzee," akasema, "hata mimi niko na hayo yote, na bado natembea. Unataka nini?"

"Mitamba minne."

Niliacha kushona. Hawakubishana hata kidogo. Mchuuzi alisema atawaleta Jumamosi ijayo na akatimiza, mitamba minne, wekundu watatu na mmoja mwenye baka jeupe. Mama naye alikuja siku hiyo, kwa miguu, na shuka lake jipya. Dereva alikuwa ameniomba nimshonee kamba nne za turubai, nami nilizishona mara mbili mbili.

Sasa hapa nieleze desturi, maana bila hiyo mtu atafikiri walikuwa wajinga. Ukiuza ng'ombe hutoi kamba yake. Mnunuzi huja na kamba yake mwenyewe. Ile ya kwako unaivua shingoni kwa ng'ombe na kurudi nayo nyumbani, kwa sababu ng'ombe wengine wote unaotarajia kuwa nao wameshikiliwa na kamba hiyo. Ukiitoa, umetoa boma. Wala mnunuzi mwenye adabu hawezi kuiomba. Kwetu tuna jambo kama hilo, ingawa mimi niliondoka zamani na sina mfugo hata kuku. Dereva alikuwa na sababu yake zaidi. Zamani, walipokuwa bado wanaruhusiwa kufuga shambani, alimuuzia Mzungu mmoja mtamba, na Mzungu kwa kutojua akaondoka na kamba, na Dereva akaona haya kumwambia. Mwaka huo huo ikatoka amri ng'ombe wote wa wafanyakazi waondolewe. Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba mambo hayo mawili hayahusiani.

Mchuuzi akavua kamba zake moja moja, akazikunja, akazitia begani. Dereva akafunga zangu. Kisha akavua koti, akakunja mikono, akazungusha mara tatu, gari likawaka. Mchuuzi akaingia kushoto, akakamata usukani, uso mzima meno. Dereva akaifuta hendeli kwa kitambaa. Halafu, badala ya kuiweka chini ya kiti, akaitia ndani ya koti lake na kufunga vifungo.

Mchuuzi alimwona. Nami nilimwona. Nikafungua mdomo, nikamtazama mchuuzi na zile kamba nne begani kwake, nikamwona naye anafungua mdomo na kuufunga. Angesema nini? Yeye mwenyewe alikuwa ameshika za kwake. Akapiga honi, akaondoka na injini inanguruma, na mama akacheka kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kwa sababu vumbi la gari lilikuwa linakwenda upande mwingine.

Mama na vijana wawili waliwaswaga ng'ombe siku hiyo hiyo kuelekea kwa kaka yake. Dereva alibaki siku chache kufunga vitu vya kibandani. Siku ya tatu dereva wa lori akasimama dukani na ujumbe wa mchuuzi: gari, alilokuwa akiliwasha kwa kulishusha mteremkoni, limezima chini ya mlima wa Sachangwan likiwa na magunia ya viazi, na haliwaki.

Nilimpelekea Dereva habari, nikidhani atatuma hendeli. Alipofika kuniaga alikuwa ameivaa ndani ya koti.

"Mpe dereva wa lori ampelekee," nikamwambia.

"Kamba haipewi mtu."

"Mzee, hii si kamba. Hii ni chuma."

"Na wale ng'ombe wanne walitoka wapi," akaniuliza, "kama si kwa hii?"

Akapanda lori, akaenda Sachangwan, akaliwasha gari. Lakini liliwaka likiwa huko, na safari ilikuwa bado ndefu, na mchuuzi alikuwa na viazi vingine kesho yake. Basi akaenda naye. Kesho yake akaliwasha tena. Hivyo ndivyo ilivyoanza, na iliendelea mwaka mzima na zaidi.

Mtu atauliza kwa nini mchuuzi hakutengeneza hendeli nyingine. Alitengeneza. Mhunzi wa Molo alimfulia moja, ikateleza kwenye meno ya injini, ikavunja kidole cha mhunzi. Alijaribu pia kuliegesha penye mteremko ili lijiwashe likishuka, na huko juu miteremko si haba, lakini kila mteremko aliomaliza ulimwacha chini na gari lililozima. Mwisho aliona ni rahisi zaidi kumpa mzee chumba kwenye stoo yake ya viazi. Wala hakumtesa. Alimlisha vizuri, alimnunulia blanketi. Ila hakuweza kuiomba kamba, na Dereva hakuweza kuitoa, na wote wawili walikuwa watu wa adabu.

Nilikuwa nawaona wakipita Nakuru siku za soko, paa limekunjwa, magunia yamesimama viti vya nyuma kama abiria. Mchuuzi aliendesha. Dereva alikaa kulia, pale alipokuwa akikaa Memsahib, shingo nje, hendeli mapajani. "Ngoja," nilimsikia akisema nyuma ya mkokoteni, hapo mbele ya duka. "Ngoja. Haya, pita."

Mama alikuwa akituma salamu kwa watu wa malori. Nyumba imeezekwa. Mtamba mwenye baka amezaa. Mtama umeota. Salamu zilifikia kwangu nami nilimpa, na yeye alisikiliza, akasema mwezi ujao. Katika mwaka ule wote hakulala kwake usiku hata mmoja. Alikuwa ameuza gari ili apate nyumba. Nyumba ilikuwepo, na yeye alikuwa bado garini. Nilimhurumia mpaka nikamchukia kidogo, kwa namna unavyomchukia mtu anayekufanya uhurumie kila wiki.

Mvua zilipokuja alianza kukohoa. Siku moja aliteremka mbele ya duka, mchuuzi akiwa ameenda kuuza viazi, akaketi kwenye kigoda changu. Hakusinzia. Alifungua vifungo vya koti, akaitoa hendeli, akaiweka juu ya meza ya cherehani, juu ya kazi yangu.

"Nimechoka, Fundi," akasema.

Hilo hakuwahi kulisema.

"Mimi siwezi kumpa yeye," akaendelea. "Lakini wewe huna ng'ombe. Kwako hii ni chuma tu, umesema mwenyewe. Leo atafika Molo, nimemwambia asizime njiani. Wewe utampelekea. Usikawie."

"Nitampelekea, mzee."

"Mwambie gumba akae upande mmoja na vidole. Na mara tatu. Asikasirike mbili za kwanza."

Akainuka, akaenda kutafuta lori la kupita Mau, akaenda kwake. Hakugeuka, na alitembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona.

Sasa niseme langu. Wakati huo bosi wangu, yule Mhindi, alikuwa na kazi ya mahema mengi ya serikali, na tulishona mpaka vidole vikatoka damu. Molo si mbali. Ningeweza kuomba siku moja. Ningeweza kuitia hendeli kwenye lori lolote na maelezo. Lakini aliniambia mimi, nami nilitaka kuipeleka mwenyewe, halafu nilikuwa nimechoka, halafu ikanyesha. Wiki tatu zikapita. Kila asubuhi niliisogeza ili nipate nafasi ya kukatia turubai.

Nilipofika Molo, mchuuzi alinipokea vizuri, akanipeleka nyuma ya stoo. Gari lilikuwa limekaa juu ya mawe bila magurudumu. Boneti ilikuwa wazi na ndani hapakuwa na kitu. Injini alikuwa ameiuzia mtu mwenye kinu cha kusaga mahindi. Kuku walikuwa wametagia kwenye kiti cha kulia, na juu yao paa langu lilikuwa limekunjuliwa vizuri, viraka vyote, halivuji.

"Wiki ya kwanza nilingoja," mchuuzi akasema. "Ya pili nikangoja. Fundi, hata mimi nachoka." Nilipomnyooshea hendeli hakuigusa. "Hapana, kaa nayo. Na mwambie mzee mimi simdai. Ng'ombe ni zake."

Nilirudi nayo Nakuru. Kama ningemwambia Dereva, ningemwambia kwamba alisamehewa na kwamba gari limekufa, na sijui ni lipi kati ya hayo lingemuumiza zaidi. Kwa hiyo sikumwambia. Nilinyamaza miaka miwili.

Kisha nikatumwa kupeleka maturubai kwenye mashamba ya majani chai upande ule, nikaona aibu kupita bila kuwajulia hali. Mama alinikuta njiani akitoka kukama. Tuliposimama pale kando ya ng'ombe nilimweleza yote: wiki tatu, kinu, kuku. Alisikiliza, akahamisha ndoo mkono mwingine.

"Mzee amekuuliza?" akasema.

"Bado hajaniona."

"Atakuuliza."

Dereva alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba upande wa nyumba wenye jua, amevaa koti. Alikuwa amekwisha, mtu wa mifupa. Kifua kilipiga kelele kila alipovuta pumzi. Alinijua mara moja, akaniuliza habari za kazi, nikamwambia ni nzuri, akanitazama kwa huruma. Mama alituletea maziwa, akasema ni ya yule mwenye baka. Ng'ombe walikuwa saba sasa, aliniambia mzee, na akawataja kwa rangi zao.

"Ulimpa?" akauliza.

"Nilimpa, mzee."

"Aliwaka?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. Nilimtazama Dereva, mtu aliyekuwa tayari kukosa mahali pa kulala kuliko kumficha mnunuzi shimo la sakafuni.

"Aliwaka."

"Mara ya ngapi?"

"Ya tatu," nikasema. "Mbili hakuwaka. Ya tatu akawaka."

Alitikisa kichwa taratibu, akatabasamu bila kufungua mdomo. "Ndiye yeye," akasema. Akafumba macho, na safari hii hakujifanya kwamba hajachoka.

Nilikaa hapo mpaka usingizi ulipomchukua. Mama alinisindikiza hadi kwenye njia ya magari, ametangulia mbele yangu na fimbo yake ya kuswagia. Tulipofika akanipa mkono, akaushika muda mrefu kuliko kawaida.

"Fundi," akasema, "wewe ungeuza hiyo gari siku ya kwanza."